Yale Maneno Yalikuwa ya Nani

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujambo? Mama hajambo? Mimi ni mzima, ila mafua hayaniachi, nadhani ni kile kiyoyozi cha studio kinachopuliza moja kwa moja kisogoni. Ningekupigia simu kama zamani, lakini mara ya mwisho nilikuuliza presha ya Mama ikoje, ukanijibu kwamba mlango umeshatengenezwa na haulii tena. Nilicheka siku mbili. Basi turudi kwenye kalamu, masikio yapumzike.

Mwanangu ameanza darasa la kwanza. Anawaambia walimu kwamba mama yake anaishi ndani ya redio na hutoka jioni kuja kupika.

Sasa nikupe habari yenyewe. Nimetolewa kwenye meza ya habari. Kuna kipindi kipya kinaitwa Kauli, dakika tano, baada ya taarifa ya saa moja jioni, na nimepewa mimi. Mhariri mkuu wetu, yule mama tunayemwita Mkasi kwa jinsi anavyokata maandishi ya watu, aliniita ofisini akafunga mlango. Akasema, "Wewe una maoni. Yanaonekana usoni unaposoma taarifa. Afadhali uyaseme waziwazi kuliko kuyasema kwa nyusi." Nikamuuliza, maoni ya redio au ya kwangu? Akasema, "Redio hii ni ya wananchi wote, kwa hiyo haina maoni. Wewe unayo. Lakini ukiwa pale wewe ni redio." Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile.

Mjomba, miaka kumi na moja nimefundishwa kwamba mtangazaji wa redio ya umma hana upande. Sasa naambiwa nilete upande, ila usiwe upande wa mtu yeyote. Nikiketi kuandika najiona kama niliyeingia nyumba ya watu nikasahau nimefuata nini.

Wewe ulikaa kwenye kiti hicho kabla yangu. Baba, Mungu amrehemu, hakuchoka kutusimulia jinsi ulivyogoma kusoma uongo wao mpaka wakakutoa kazini. Niambie, ulijuaje mpaka uko wapi? Ulianzaje kukataa?

Nisalimie Mama.

Chiriku wako


19 Februari

Chiriku,

Marahaba, mama. Barua yako imefika jana, imekunjwa kama vile karani wa posta ameikalia. Sisi tupo. Mama yako presha imeshuka, goti limepanda, ndivyo anavyogawa maradhi yake, hapendi sehemu moja ichoke peke yake. Bati la jikoni limepigwa misumari mipya.

Masikio yangu usiyaulize. La kushoto limefunga duka, la kulia linafungua asubuhi kidogo. Mtu niliyelishwa na redio miaka ishirini na sita, sasa naitazama kama sanduku. Lakini usiku wa kwanza wa Kauli yako mama yako aliniwekea daftari mezani, akawa anasikiliza na kuniandikia. Nakunakilia kama ilivyo: "Ameanza. Anasema barabara. Bado barabara. Waziri alisema wauguzi wako wa kutosha, mwanetu anasema hawatoshi. Amekohoa. Nimekwenda kufunga maji. Nimerudi, amemaliza." Hiyo ndiyo taarifa niliyonayo juu ya kazi yako, nami nimeitunza.

Ushauri wangu ni huu. Usiandike sentensi ndefu kuliko pumzi yako. Kunywa maji ya vuguvugu, si baridi. Namba zikizidi tatu kwenye dakika moja, msikilizaji anakwenda kufunga maji, kama ulivyoona. Taa nyekundu ikiwaka, hesabu moja, kisha ndio uanze.

Hayo mengine ya zamani yaache. Baba yako alikuwa mtu wa maneno mazuri, alipenda kuwavisha watu nguo kubwa kuliko miili yao.

Mbusu mwanafunzi.

Mjomba wako


22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Mwanangu hajambo. Jino la mbele limetoka, anapenda kulionyesha. Natumai goti la Mama limepoa.

Nikwambie yaliyonipata, na nitajaribu kuyapanga, maana kichwani mwangu hayajapangika.

Unajua wauguzi wa hospitali kuu walitangaza mgomo wa siku tatu. Dai lao lilikuwa moja tu: wodi yenye vitanda arobaini ina muuguzi mmoja kwa zamu, na Wizara iliahidi kuajiri wengine tangu mwaka juzi. Siku ya pili ya mgomo nikaandika Kauli. Niliandika kwamba hawadai chochote cha kutia mfukoni, wanadai mikono zaidi ya kuwahudumia wagonjwa. Nikamalizia hivi: "Anayewataka warudi leo bila jibu anawataka warudi kwenye wodi ileile iliyowatoa. Wasirudi." Mkasi aliipitia, akakata aya nzima ya pili, akaweka tiki yake ya kijani chini. Nikaisoma.

Chama chao kilikuwa kinasuasua. Kesho yake viongozi wakasema, "Hata redio ya taifa iko nasi," wakaongeza siku mbili.

Siku ya nne akafariki mwanamke aliyetoka kujifungua. Alivuja damu, na wodini kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa uuguzi na mfagizi. Mtoto yu hai.

Baada ya wiki moja nikaitwa mapokezi. Kuna mtu. Nikamkuta mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, ana nywele kidogo begani kama mtu aliyetoka kumnyoa mwenzake. Kumbe ni kinyozi. Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyesema wasirudi?" Nikasema ndiyo. Hakupaza sauti. Akasema, "Mke wangu alikuwa na redio ndogo kitandani. Alikusikiliza. Alisema unasema kweli." Kisha akaniuliza, "Yale maneno ulipewa, au ni yako?"

Mjomba, nilimjibu kwamba kipindi kinaandaliwa na timu nzima ya wahariri. Hivyo ndivyo nilivyosema. Timu nzima. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa ofisi imefungwa, akaondoka. Mlinzi akamfungulia geti, akampa pole. Mimi hata pole sikumpa.

Sasa Wizara imeandika barua ya malalamiko kurasa nne. Chama cha wauguzi nacho kimeandika, kinataka nisiyumbe. Na mimi usiku nasoma ile karatasi yenye tiki ya kijani na bado naona ni kweli tupu, kila neno, halafu nafika kwenye "Wasirudi" na sijui tena kusoma.

Nilikosea? Wodi ile ilikuwa ikiua watu hata kabla ya mgomo. Lakini mwanamke huyu hakufa kabla ya mgomo. Niambie kitu.

Chiriku wako


30 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua yako imefika. Mvua zimeanza, na lile bati tulilolipiga misumari limeamua kuvuja upande mwingine. Mama yako amepata miwani mipya, anasema sasa anaona vumbi ambalo hakujua tunalo.

Pole kwa mafua.

Swali lako sikulielewa vizuri. Nadhani mtu akichoka anaandika haraka. Lala mapema. Kuhusu Wizara, watu wa Wizara wakiandika kurasa nne maana yake hawana kitu, wakiwa na kitu huandika nusu.

Yule mtu wa mapokezi, aliuliza hivyo hivyo kama ulivyoandika? Kwa maneno hayohayo?

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mafua yaliisha Februari.

Nisamehe nikiandika kwa ukali, lakini barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani kuna karatasi imebaki ndani ya bahasha. Nimekuandikia mtu amekufa, umenijibu bati. Nimempigia Mama nikamuuliza kama unaumwa. Akasema, "Mjomba wako hajambo, ila amekuwa mtu wa kukaa uani. Anashika barua yako, anaiweka, anaishika." Nikamuuliza kwa nini. Akasema nikuulize mwenyewe, yeye ana nguo juani na mawingu yanakuja.

Haya, mambo yamefika hapa. Mkasi amenipa karatasi niisome hewani. Imeandikwa na mwanasheria wa kituo. Inasema kwamba kituo kinaomba radhi kwa maoni yaliyokwenda hewani bila kuhaririwa. Bila kuhaririwa! Nikamwonyesha tiki yake ya kijani. Akasema, "Naijua rangi ya kalamu yangu." Nikamuuliza, "Sasa tufanyeje?" Akasema, "Mimi nina miezi minane nistaafu. Wewe una mtoto darasa la kwanza. Hayo mawili ndiyo ninayoyajua, mengine nimechanganyikiwa kama wewe." Sijawahi kumsikia akisema hivyo, mama yule.

Nikiisoma karatasi hiyo, nasema uongo na nabaki kazini. Nisipoisoma naondoka. Wenzangu nusu wananiita shujaa, na nusu wamehamisha vikombe vyao kutoka meza yangu. Sijisikii shujaa, maana yule kinyozi nilimkimbia. Nimepewa mpaka mwisho wa Mei, bodi ikutane kwanza.

Wewe uliwahi kuletewa karatasi kama hii. Uliikataa. Uliwaambiaje? Ulisimama, ulikaa, ulitoka ukafunga mlango? Sihitaji mawaidha ya pumzi na maji ya vuguvugu. Nipe neno lile ulilowaambia, nami nitalisema vilevile.

Chiriku


9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako ni mzima. Mvua zinaelekea kwisha. Nimeianza barua hii mara nne na kila mara nimefika hapa kwenye mvua nikasimama.

Hakuna neno nililowaambia. Sikukataa kitu.

Sasa nikueleze, nawe usiniharakishe.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili wakati mafundi wa karakana ya reli walipogoma, baba yako akiwa mmoja wao. Winchi mbovu ilimwangukia mwenzao akavunjika nyonga, nao wakasema hawaingii mpaka winchi zote zikaguliwe. Walikaa nje ya geti siku tisa. Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa nasoma Dondoo ya Leo, dakika nne baada ya taarifa, kama Kauli yako.

Siku ya saba nikaandika juu yao. Hakuna aliyenituma. Mhariri wangu wa wakati huo alikuwa likizo. Niliandika kwamba wao ni wavivu wanaojificha nyuma ya kitanda cha mgonjwa. Neno hilo la kitanda nililipenda. Nililiandika, nikalifuta, nikalirudia mpaka likakaa sawa mdomoni. Treni za mizigo zilikuwa zimesimama, dawa zilikuwa zinaozea stesheni, watu wananisimamisha barabarani kunilalamikia, nami nilikuwa nimejaa hasira na ufasaha. Nilijua baba yako yuko pale getini. Nilijiambia kwamba mtangazaji hana shemeji. Siku ile nilijiona mtu wa haki sana.

Keshokutwa yake wakafukuzwa arobaini na mmoja. Mkurugenzi wa reli akanukuu maneno yangu kwenye tangazo la kuwafukuza, lile la kitanda.

Baba yako alikuja kwangu Jumapili. Hakugomba. Alikunywa maji, akaweka glasi chini, akaniuliza, "Shemeji, yale maneno ulipewa, au ni yako?"

Umeona sasa kwa nini nilikuuliza kama yule kinyozi alisema hivyo hivyo.

Nikamjibu, "Nilipewa."

Akapumua. Naiona pumzi ile hadi leo. Akasema, "Nilijua. Nilimwambia dada yako, nikamwambia na kila mtu kule getini, shemeji amelazimishwa." Na kuanzia siku hiyo akawa wakili wangu. Akiwa amekaa chini anaziba pancha za baiskeli za watu, yeye fundi wa injini, alikuwa akimwambia kila mteja kwamba mimi nililazimishwa. Miaka ikienda hadithi ikakua. Nililazimishwa ikawa nilibisha, nilibisha ikawa niligoma. Nilipoacha kazi, alisema wamenitoa kwa ajili ya msimamo wangu. Niliomba mwenyewe kuacha, kwa barua ya mistari minne, nikasingizia afya. Kila taa nyekundu ilipowaka koo lilikuwa linakauka, ndiyo sababu, na wala si msimamo.

Siku zake za mwisho hospitalini nilikwenda nikiwa nimekusudia kusema. Akanishika mkono akasema, "Shemeji, wewe walikulazimisha, mimi walinifukuza, basi tuko sawa." Nikasema, "Ndiyo, shemeji." Nikamsaidia kugeuka upande.

Unaniuliza kama ulikosea. Sijui, mama. Maneno yako yalikuwa na huruma, yangu hayakuwa nayo, na bado mtu amekufa kwenye yako na hakufa kwenye yangu. Nimekaa uani mwezi mzima nikilitafuta jibu na ninapodhani nimelishika linageuka. Ninalolijua ni hilo moja tu dogo: mtu aliponiuliza, nilikuwa na nafasi ya kujibu kwa neno moja, nikajibu jingine. Miaka ishirini na miwili nimekula mezani kwa jibu lile.

Mama yako hajui. Nadhani hajui. Anaishi na kaka aliyegoma.

Mjomba wako


27 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Mtoto hajambo. Mimi sijui nilivyo.

Barua yako niliisoma kazini, kwenye ngazi za dharura, mahali tunapojificha kulia. Sikulia. Nilikasirika kiasi kwamba nilisahau nilikuwa na kipindi, fundi mitambo akaja kunitafuta. Nilimuona Baba, mikono yake myeusi kwa gundi ya pancha, akisema jina lako kwa heshima. Nilitaka nisikuandikie tena. Halafu nikakumbuka "timu nzima ya wahariri", nikaona siwezi kukurushia jiwe bila kujigonga mwenyewe. Bado nimekasirika. Yote mawili yapo, na sijui lipi lina haki ya kuandika barua hii.

Jumamosi nilimtafuta yule kinyozi. Kibanda chake kina viti viwili na kioo kimoja. Alikuwa anamnyoa mzee mmoja, mama mkwe wake amekaa pembeni na mtoto mgongoni. Akaniona kwenye kioo. Sikungoja amalize, nilijua nikingoja nitaondoka. Nikasema, "Uliniuliza, nikakudanganya. Yale maneno ni yangu. Niliyaandika mwenyewe. Na pole sana. Sikukupa pole siku ile."

Akaizima mashine. Mzee akabaki nusu kanyolewa, macho yanatutazama kwa zamu. Kinyozi akasema, "Sasa hilo nilifanyie nini?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Nilikuwa nimeshakuamini kwamba ulipewa. Nilikuwa nimewakasirikia watu wengi, wakubwa, nisiowajua. Sasa umeniletea mtu mmoja, mwanamke, amesimama mlangoni kwangu na mkoba." Mama mkwe akasema, "Mwache aende." Akawasha mashine. Nilipofika nje akanifuata hadi kizingitini, akaniambia, "Hewani je? Utasema hivyohivyo, au ni kwangu tu?"

Jumatatu nikaandika Kauli yangu mwenyewe. Niliandika kwamba yale maneno hakuna aliyenipa na yalihaririwa kama kawaida. Kwamba wodi ile bado ina muuguzi mmoja kwa vitanda arobaini na Wizara bado haijajibu. Kwamba kabla ya kusema "Wasirudi" sikupiga hata simu moja kuuliza usiku ule nani amelala mle na nani atamwangalia, na simu ilikuwa mezani. Mwisho niliandika, "Labda nilikosea."

Nikampelekea Mkasi. Alisoma, kalamu ya kijani mkononi, nikaona mkono unashuka, unapanda, unashuka. Akakata neno moja tu, "labda". Akaweka tiki. Akasema, "Nenda kasome kabla sijapata akili."

Nikasoma. "Nilikosea." Mjomba, nimelisema mbele ya nchi nzima na hadi leo sijui kama ni kweli au kama ile "labda" ndiyo iliyokuwa kweli.

Wizara imekasirika kwa sababu sikufuta madai. Wauguzi wamekasirika kwa sababu nimekiri. Mwanasheria amekasirika kwa sababu ya neno "yalihaririwa". Kauli imesimamishwa, na Mkasi amepewa likizo ambayo hakuiomba. Mimi nimehamishiwa matangazo ya vifo, saa saba mchana. Nasoma majina, siku na mahali pa mazishi. Kinyozi sijamsikia.

Nina neno moja kwako. Mama. Utamwambia, au nimwambie mimi? Siwezi kumpigia simu nikasikia akisema "kaka yangu" na nikanyamaza. Umenipa mzigo huu na mimi si fundi wa kuubeba.

Chiriku


14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba.

Nimemwambia. Jumanne, baada ya chai ya asubuhi. Kwa kuwa sisikii vizuri naongea kwa sauti kubwa bila kujua, kwa hiyo nadhani na majirani nimewaambia.

Aliendelea kukunja shuka. Nilipofika pale hospitalini, mkono wangu kwenye mkono wa mumewe, akaacha kukunja. Akachukua daftari akaandika, "Angekuuliza mara ya pili ungemwambia?" Nikasema sijui. Akaandika, "Na mimi sijui ningetaka umwambie." Akalikata. Akaandika tena, "Alilala vizuri kwa sababu ya uongo wako." Nalo akalikata. Kisha akaweka kalamu chini.

Siku tatu amenipikia, amenifulia, amenisalimu, yote kama kawaida, na hakuniandikia hata herufi. Jana nimemkuta anafunga begi. Anakuja kwako, basi la Ijumaa. Nilimuuliza anakaa muda gani. Alijibu, midomo ikacheza, ila sikulipata neno lenyewe, na nilimwonea haya kumwomba alirudie.

Dawa zake za presha ziko kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Usimwache anywe moja tu akisema zimemtosha.

Mjomba wako


3 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama alifika salama, basi lilichelewa saa mbili tu. Anakunywa dawa zote mbili, namsimamia. Mjukuu wake amempisha kitandani mwake, yeye sasa analala chini na anaona ni safari.

Karibu wiki mbili hakukutaja. Alifagia, alishona kola za sare za shule, alisikiliza matangazo yangu ya vifo na kuniambia nasoma majina ya watu haraka mno. Nami sikuuliza. Jumatano iliyopita, tukiwa tunachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Ile Dondoo yake. Mnayo huko?"

Nikamwambia kwamba kuna maktaba ya kanda, lakini kanda nyingi zimeharibika.

Akasema, "Siku ile sikuisikia. Nilikuwa nampelekea baba yako chakula getini. Watu wote walinisimulia. Kila mtu na yake. Nataka kuisikia mwenyewe."

Nikamwomba mtunza kanda, mzee mmoja anayekukumbuka. Aliitafuta siku moja na nusu. Ipo. Kwenye boksi kuna mwandiko wako, tarehe na dakika, nne na sekunde kumi. Jana nikamleta Mama, amevaa viatu vyake vya harusini. Mashine ya kanda za zamani imebaki moja, na ina kisikilizio kimoja cha kuvaa masikioni. Mtunza kanda akamvisha. Mimi nikasimama upande wa pili wa meza. Sikusikia kitu. Niliona tu gurudumu linazunguka na uso wa Mama.

Nilikuwa nimejiandaa kukueleza uso huo, maana ndiyo kazi yangu, lakini sikuuelewa. Mahali fulani alifumba macho. Mahali fulani, naapa, alitabasamu, kama mtu anayeitambua sauti ya ndugu yake akiwa kijana. Labda hakuwa anatabasamu. Kanda ilipoisha akaonyesha kwa kidole kwamba irudishwe, akaisikiliza tena yote, mwanzo hadi mwisho, mikono imekaa juu ya mkoba.

Mtunza kanda akaniuliza kama nami nataka. Nikamtazama Mama. Akatikisa kichwa, hapana. Sijui alikuwa ananinyima au ananikinga. Kwa hiyo mimi sijaisikia.

Kwenye korido akasimama kunishika mkono, goti lilikuwa linamuuma. Nikamuuliza, "Nimwandikie nini Mjomba?"

Akasogea ukutani kuwapisha watu wawili.

Akasema, "Mwandikie kwamba nimeisikia. Usiongeze neno lako."

Ameisikia.

Chiriku wako